Kuku wa Mutindi Hataki Kula

Kyuso,
12 Septemba 1984

Kwa dada Kalunde,

Gunia utakalopewa pamoja na barua hii limetoka kwangu. Yarow, dereva wa lori la mbuzi la Mzee Abdow, ameahidi kulifikisha Sultan Hamud kwa yule fundi wa baiskeli. Kutoka hapo hadi Kasikeu utatuma punda. Usimlipe mtu yeyote, tumeshaelewana.

Ndani mna mahindi ya mbegu. Utaona ni mekundu, kana kwamba yamechovywa kwenye wino. Mbegu za siku hizi huja hivyo. Ni ya kupanda, dada, si ya kula. Mfuko mmoja wa karatasi ulichanika hapa stoo, na Bwana Mutunga, mkubwa wangu, akaagiza yote yaliyokuwamo yafagiliwe na kuchomwa moto. Niliona ni dhambi kuchoma mbegu wakati ninyi hamna punje ya kutia ardhini mvua ikinyesha. Basi sikuchoma. Nimeyatia katika gunia la kawaida la sukari ili yasitambulike, na mfuko wake nimeutupa. Tafadhali usimwambie mtu yalivyopatikana, na barua hii uitumie kuwashia moto wa jioni.

Hapa hali ni mbaya. Kila asubuhi watu huja mlangoni wakidhani stoo ina chakula. Nawaambia ni mbegu tu, nao hukaa chini palepale na kunitazama. Nafanya kazi nikiwa nimewapa mgongo.

Msalimie sana Mutindi. Mwambie anko wake hajakasirika kwamba kuku amepewa jina la kazi yake ya ukarani. Natumaini Karani anataga.

Ni mimi ndugu yako,
Ndolo


Kasikeu,
27 Septemba 1984

Ndolo, mwana wa mama,

Gunia limefika. Punda ndiye aliyelalamika, sisi tulishangilia. Barua nimeichoma kama ulivyoagiza, na moshi uliponiingia machoni nikacheka peke yangu. Tangu utotoni wewe ulikuwa ukila kiazi unazika maganda ili asijue mtu. Nani atakukamata kwa mahindi yaliyokuwa yanaenda kuchomwa? Lakini sawa, nimenyamaza. Mbegu ziko mahali pazuri.

Pesa unazotuma ninazo, nimezifunga kwenye leso. Zitanunua nini? Dukani kumebaki kiberiti, sabuni na mwenye duka. Watu wameshaipa njaa hii jina, wanaiita "nitakufa nimeshika", maana unakufa noti ziko mkononi. Mumbua wa kanisani alitembea mpaka Nunguni akitafuta unga, akarudi na kabeji moja. Tuliitazama hiyo kabeji kama bibi harusi.

Sasa nina swali, na wewe ndiwe mtu wa kilimo katika ukoo huu. Karani hali. Unajua anavyokula siku zote: huitazama punje kwa jicho hili, akaitazama kwa lile, akaizunguka kana kwamba anatafuta muhuri, ndipo akaidonoa. Ndiyo maana mtoto alimpa jina lako. Sasa juzi alisimama kando ya kinu, pale anapongojea wishwa, na hakudonoa kitu. Shingo ameivuta ndani, manyoya yamesimama, na choo chake ni maji ya kijani. Jana nilimwona akitembea kinyumenyume. Sijawahi kuona kuku anayerudi nyuma kama gari.

Mutindi amemweka kwenye kikapu chini ya kitanda na hataki kwenda kucheza. Ananiambia, "Mama, andikia anko, anko anajua." Basi nimeandika. Tumpe nini? Usinijibu kwa kizungu cha ofisini.

Dada yako,
Kalunde


Kyuso,
8 Oktoba 1984

Dada Kalunde,

Barua yako imenifikia leo na ninajibu leo leo. Kwanza nijibu ulilouliza.

Kuku awekwe penye joto, mbali na upepo na mbali na kuku wa jirani. Asipewe punje kavu. Korogeni uji wa mtama, uwe mwepesi kiasi cha kudondoka kutoka kwenye kidole. Mmoja amshike mapajani kwa kitambaa, mwingine amfungue mdomo polepole kwa kidole gumba na cha shahada, amtie tone moja kando ya ulimi, kisha amngoje ameze. Mkimiminia kooni atapaliwa. Kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Maji yake yatiwe sukari kidogo kama ipo, na mkaa uliosagwa. Mpapase kifuko cha shingoni kila asubuhi mjue kama chakula kimeshuka.

Sasa niulize mimi. Unasema alisimama kando ya kinu. Mlikuwa mnatwanga nini, dada? Uliniambia dukani hakuna kitu. Tafadhali nijibu swali hili kabla ya mengine yote.

Na jambo hili nalisisitiza. Kuku asikaribie zile mbegu, wala ganda lake, wala maji yaliyoziosha kama mmeziosha. Na ninyi pia msiziguse mpaka mvua. Nilisema ni za kupanda. Sitaki kuandika zaidi. Barua zangu hupitia mezani kwa Bwana Mutunga, na siku hizi anazigeuza huku na huku kabla ya kunipa, kama mtu anayepima uzito wake. Wiki ijayo wanakuja wakubwa kutoka Kitui kukagua stoo. Nimeanza kulala vibaya.

Nijibu haraka kuhusu kinu.

Ndugu yako,
Ndolo


Kasikeu,
17 Oktoba 1984

Ndolo,

Nilisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili niliudhika. Unaniuliza habari za kinu kama askari anayemuuliza mpika pombe habari za pipa. Tena "msiziguse mpaka mvua". Mimi ndiye niliyekutafunia nyama ulipoota meno, leo unanionea choyo cha mbegu?

Haya. Kwa kuwa umeuliza, nitajibu. Tunakula mbegu zako. Sikutaka ujue, maana ni aibu mwanamke kula mbegu. Mama angekuwa hai angenichapa mbele ya watu. Lakini mtoto alikuwa akilala bila kitu, Ndolo, na gunia liko palepale kando ya kichwa chake. Ungefanya nini wewe?

Na usidhani nimekula kama mjinga. Niliona rangi, nikajua wamezipaka kitu. Kwa hiyo niliziosha kwenye karai, maji yakatoka mekundu, nikamwaga, nikaosha tena mpaka yakatoka kama chai ya maziwa. Kisha nikazitia kwenye kinu na maji kidogo, nikatwanga muthokoi, mahindi ya kukobolewa, kama mama alivyotufundisha, ganda likabanduka lote, nikapepeta kwa ungo. Mahindi yalibaki meupe kama meno ya mtoto. Kila kilichokuwa chekundu kilikwenda na ganda. Kama dawa ilipakwa juu ya ganda, na ganda limetoka, dawa imebaki wapi? Nilimuuliza Kavata, jirani yangu, naye aliniambia hivyo hivyo. Nimechanganya na kunde chache nilizokuwa nazo. Yanaiva vizuri, ni matamu.

Wishwa ndio niliompa Karani, na hapo nakubali nilikosea. Nadhani ganda ndilo lililomdhuru. Tangu barua yako hapati wishwa tena hata kidogo, wala hatuna mtama wa huo uji wako. Tunampa muthokoi wenyewe, ule msafi.

Hataki kufunguliwa mdomo kwa kidole. Mutindi amebuni njia yake. Anautafuna muthokoi mpaka ulainike kabisa, halafu anamwekea Karani midomo karibu, na kuku anadonoa hapo hapo mdomoni mwake. Ukiwaona utacheka na utalia. Ananiambia, "Mama, kwangu anakula, kwako hataki, wewe una haraka." Anatafuna asubuhi, anatafuna mchana, anatafuna akiwa amelala. Mimi namwambia, "Wewe mtoto, meno yako yataisha kabla ya kuku kupona."

Lakini huzuni imemwingia. Sasa na yeye hana hamu ya kula. Jana alitapika kidogo, na anasema vidole vyake vinatembewa na siafu. Nimemwambia aache kukalia mikono.

Basi umejua. Ukikasirika, kasirika, lakini usimwandikie mchungaji.

Kalunde


Kyuso,
24 Oktoba 1984

Dada yangu Kalunde,

Acheni kula mahindi hayo. Acheni sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma barua hii. Kama yako motoni, mwaga.

Ni sumu. Sikuandika neno hilo tangu mwanzo kwa sababu niliogopa barua ikifunguliwa lingenifunga. Mfuko nilioutupa ulikuwa na picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili, na maandishi kwamba mtu wala mnyama asile. Dawa ile haikai juu ya ganda tu. Inaingia ndani ya punje. Kuosha hakuitoi, kutwanga hakuitoi, kuchemsha hakuitoi. Muthokoi mweupe una sumu kama ule mwekundu, ila hauonekani.

Nilijua, dada. Siku mfuko ulipochanika, kuku wa Mama Abshiro, mke wa Mzee Abdow anayeuza chai karibu na stoo, walidonoa zilizomwagika. Walirudi nyuma kinyumenyume vilevile, wakakataa kula, wakafa. Aliniuliza, "Karani, kuku wangu wamepatwa na nini?" Nikamwambia ni kideri, ule ugonjwa wa kuku. Ulipoandika kwamba Karani anatembea kama gari linalorudi nyuma nilijua saa ile ile, na bado nikakuandikia habari za uji na mkaa.

Mpeleke Mutindi hospitalini. Usiende kwa mama wa mitishamba. Mwambie daktari amekula mbegu zilizotiwa dawa, na kwamba alizitafuna kutwa kucha. Na wewe ujionyeshe pia. Mahindi yaliyobaki yatupe chooni, yasiguswe na mbuzi wala mtu. Ila nakuomba kwa jina la mama, usiseme yametoka wapi. Sema uliyanunua barabarani. Wakubwa wa Kitui wamekuja, wamepima, wameondoka, na Bwana Mutunga tangu hapo ananiita "wewe kijana" badala ya jina langu.

Sitaipitisha barua hii posta. Nampa Yarow mkononi, anaondoka alfajiri na mbuzi. Atakuwa kwenu mapema kuliko posta.

Mshike mtoto. Nisamehe.

Ndolo


Kasikeu,
26 Oktoba 1984

Ndugu yangu Ndolo,

Sijapata jibu lako, bila shaka bado umenuna. Naandika hata hivyo, kwa sababu mtoto ameniomba.

Karani amekufa. Alikufia mapajani mwa Mutindi, mdomo wazi, na punje iliyotafunwa bado iko ndani. Mimi nilikuwa nimeshaweka maji motoni, maana nyama ni nyama, lakini mtoto alimshika hata nikashindwa kumnyang'anya. Alimfunga kwenye sweta yake ya shule tukamzika nyuma ya zizi. Alinitaka nimwombee. Mimi, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, nimemwombea kuku! Mchungaji asisikie.

Tangu hapo Mutindi ni wa kulala tu. Kikombe kinamponyoka mkononi. Akitembea anaweka miguu kama aliyekunywa pombe, hata Kavata akamtania, "Mutindi, umetoka kilabuni?" Nadhani ni udhaifu. Namlazimisha ale muthokoi, kijiko kwa kijiko, hata akilia. Mimi mwenyewe midomo imekufa ganzi kidogo, nafikiri ni baridi ya asubuhi.

Sasa sikiliza habari njema. Mawingu yameanza kujikusanya upande wa Nunguni, na matuta ya shamba letu yamebomoka yote. Nimeita mwethya. Watu wa mlango wetu wote, ukoo mzima, watakuja Jumamosi ya tarehe tatu, wanaume kwa wanawake, tuchimbe matuta kabla maji hayajatuchukulia udongo. Unajua mwethya hauendi bila chakula, na mwaka huu hakuna mtu anayethubutu kuuita kwa sababu hana cha kuwapa watu. Mimi ninacho. Tumeosha na kutwanga gunia lote lililobaki, akina mama kinu kwa kinu, tukiimba kama siku za neema. Usiulize nitapanda nini. Kavata ameniahidi mbegu za pojo za mjomba wake wa Kyuso huko huko kwenu.

Wananiuliza, "Kalunde, chakula chote hiki umekitoa wapi?" Nimewajibu kwa majivuno kwamba ni cha ndugu yangu, karani wa serikali, mtu asiyeweza kuiba hata kalamu ya mkubwa wake. Mzee Mutie amesema Jumapili utaombewa kwa jina. Bibi Syombua, ambaye hajatoka nje tangu mwezi wa sita, amesema atakuja hata kwa kubebwa, ili ale.

Ungekuwepo ungeona watu wanavyonisalimia siku hizi.

Dada yako,
Kalunde


Kyuso,
1 Novemba 1984

Dada,

Leo asubuhi nimepata mambo mawili kwa pamoja. Barua yako ya mwethya, na Yarow amesimama nyuma ya stoo akiwa na tope mpaka magotini. Mvua imenyesha huku juu. Lori lilizama mtoni kabla ya Mwingi na limekaa huko siku zote hizi, mbuzi wengine wamekufa. Alinitolea barua yangu mfukoni mwa koti. "Karani, samahani, mto ulikataa." Wino umeyeyuka, hata jina lako halisomeki. Hukuipata. Hujui lolote.

Mahindi yale ni sumu, Kalunde. Muthokoi wenyewe ni sumu. Naandika hili sasa na nitaitia barua kwenye basi la kwanza likipita, ingawa najua Jumamosi ni keshokutwa na barua haitafika.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Njia pekee ya haraka hapa ni redio ya polisi, na polisi hawampigii mtu redio bila neno la mkubwa wake. Nimeingia kwa Bwana Mutunga. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia yote. Aliinua macho akasema, "Ndiyo, wewe kijana?" Nikamwambia nimesikia kwa madereva kwamba kuna mahindi ya mbegu yaliibwa kwenye lori njiani, na yanauzwa upande wa Kasikeu, na watu wanaweza kuyala. Kisha akaandika karatasi, nikaipeleka kituoni mwenyewe, nikasimama pale mpaka askari akaisoma redioni: "Mahindi ya mbegu yaliyoibwa yana sumu. Wananchi wa Kasikeu wasinunue kwa wasiowajua, wala wasile." Wamejibu kutoka upande wa pili kwamba chifu ataarifiwa.

Hayo yanatosha, sivyo? Ukisikia mbegu na sumu wewe utaelewa mara moja. Jina langu halikuwa na haja ya kuwemo. Wewe utaelewa, na utawaambia.

Naomba Mungu uelewe.

Ndolo


Hospitali ya misheni,
6 Novemba 1984

Ndolo,

Naandika nikiwa nimekaa chini, kando ya kitanda cha Mutindi. Barua yoyote uliyoniandikia tangu ile ya uji sijaiona.

Askari wa chifu, Nzuki, alifika Jumamosi kwa baiskeli. Watu walikuwa wametoka mashambani, wamenawa, wamekaa kwenye majani, na mimi nimeshika upawa juu ya sufuria ya kwanza. Alisoma ile karatasi kwa sauti. Mahindi yaliyoibwa, yana sumu, msinunue kwa msiowajua. Watu wakamsikiliza kwa adabu. Kisha Mzee Mutie akasema, "Asante, afande. Haya si ya kununua na wala hayakuibwa. Haya ametuletea karani wetu. Kaa chini ule." Wakacheka wote, na Nzuki akaegemeza baiskeli, akatafuta mahali pa kukaa.

Mimi sikucheka. Nilisikia sumu, nikaona mikono ya mtoto wangu. Na nilijua onyo lile ni lako, Ndolo. Nani mwingine hutuma onyo bila jina la mwenyewe?

Nikasema, "Ni haya haya. Ndugu yangu ndiye aliyeyachukua stoo." Kavata akasimama. Akasema, "Kalunde, tumechimba tangu jua halijatoka. Kama chakula hakitoshi, sema hakitoshi. Usimsingizie ndugu yako wizi ili utunyime." Mwingine akasema nimeuza kwa watu wa Sultan Hamud, nikamhonga askari aje na karatasi. Bibi Syombua alikuwa amenyoosha bakuli lake. Hakulishusha. Alinyoosha tu vile, akinitazama.

Nilipindua sufuria. Nilizipindua zote, maji ya moto yakaniunguza miguu, na zile zilizokuwa ndani nikazibeba nikazimwaga chooni, na wao wamesimama wanatazama. Mtoto mmoja alianza kuokota chini, nikampiga mkono. Nimempiga mtoto wa mtu mwenye njaa, mbele ya mama yake. Hakuna aliyeniaga.

Kulikuwa na muthokoi mbichi umebaki, zaidi ya nusu ya gunia. Nilitaka kuutupa chooni pia. Nzuki akakataa. Alisema wakubwa watataka kuuona, kwa hiyo uzikwe mpaka waje. Tulichimba shimo nyuma ya zizi, tukafukia, tukaweka mawe juu. Yeye akapanda baiskeli akaenda, na mimi nikambeba Mutindi mgongoni mpaka barabarani kutafuta gari.

Daktari hapa ni mama mzee mpole, mmisionari. Ananiuliza kila siku swali lile lile: dawa iliyokuwa kwenye mbegu inaitwaje? Anasema zipo za aina nyingi, na kila moja inatibiwa kivyake, na bila jina lake anapapasa gizani. Anasema jina huwa limeandikwa kwenye mfuko. Mfuko uliutupa wewe. Lakini stoo yako imejaa mifuko kama ule, haijajaa? Mutindi haoni vizuri tangu jana. Anauliza kama nimewasha taa, na ni mchana.

Jana nilirudi Kasikeu kuchukua blanketi. Nilipitia nyuma ya zizi. Mawe yamesogezwa upande, Ndolo, yamepangwa vizuri kabisa, na shimo ni tupu. Wameokota mpaka punje ya mwisho, hata udongo wameuchekecha.

Nilienda nyumba hadi nyumba. Nilienda kwa Kavata, akaniambia mlangoni kwamba hajui lolote, na hakunikaribisha ndani. Kwa Mumbua hawakufungua. Mzee Mutie alisema hakuna mwizi katika mlango huu ila yule niliyemtaja mimi mwenyewe. Niliwapigia magoti. Hawaniamini, na hawataniamini, kwa sababu nimewaambia miaka yote ndugu yangu ni mtu wa aina gani.

Watakuamini wewe. Njoo na mfuko wenye jina la dawa, uupitishe kwanza hapa, kisha tuende Kasikeu, usimame mbele yao uwaonyeshe na useme kwa mdomo wako, "Mimi ndiye niliyeiba, nayo ni sumu." Wakikufunga, watakufunga ukiwa umeshasema. Usiniandikie. Barua hii nampa muuguzi anayepanda basi la Kitui sasa hivi, na ameapa kuifikisha mkononi mwako. Ukiimaliza kusoma, simama uondoke.

Maana jana nilipokuwa nikiondoka na blanketi kichwani, niligeuka kule kwenye kona ya kanisa nikaangalia nyuma. Kwa miezi mingi hapajawahi kuwa na moto wa mchana kijijini kwetu. Jana moshi ulikuwa unatoka katika kila nyumba.

Kalunde